Anachunga nini huyu?

Konda alitaka mbwa wetu, Pweza, alipiwe nauli. "Anakaa kitini, si ndiyo? Basi analipa." Mume wangu akajaribu kumweleza kwamba mbwa atalala sakafuni, katikati ya miguu yetu, lakini stendi ya Rongai saa kumi na mbili na nusu asubuhi si mahali pa kubishana. Tukalipia viti vitatu mpaka Kiserian. Pweza akakaa dirishani kama abiria mwenye haki zake, na mama mmoja aliyepakata trei ya mayai akahamia kiti cha nyuma kabisa bila kusema neno.

Mama huyo namwelewa. Hata mimi ningehama.

Nimelelewa Gazi, kusini ya Mombasa, katika nyumba ambayo mbwa mwisho wake ulikuwa nje ya ua. Akilamba chombo, chombo kinaoshwa mara saba, moja kwa mchanga, na nyanya yetu alikuwa anahesabu kwa sauti ili tusiruke hata mara moja. Kisha nikaolewa na mtu wa Machakos, fundi wa umeme, ambaye kwao msikiti uko upande mmoja wa boma na mbwa watatu upande wa pili, na hakuna aliyewahi kuona kwamba hapo pana mgogoro. Miaka miwili iliyopita alirudi kazini na kijibwa kimelala ndani ya helmeti yake ya kazi. Nikasema hapana. Nikasema hapana wiki tatu nzima. Lakini siku moja nilikuwa nimetoka kupiga deki, kijibwa kikajaribu kuvuka sebule, na ile miguu minne ikaenda pande nane. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Jina la Pweza lilinitoka lenyewe, na nilipolitamka tu, mume wangu akajua ameshinda.

Masharti yangu yapo. Nina nguo za Pweza na nguo za sala, na hazikutani hata kwenye kamba ya kuanikia. Baba akipiga simu huuliza swali moja tu kumhusu huyu kiumbe: "Analinda?" Namjibu, "Analinda, baba." "Haya," anasema, tunaendelea na habari za samaki. Kwake mbwa wa kulinda au wa kuchunga ana nafasi yake, na mengine ni mambo ya watu wa Nairobi. Sijawahi kumwambia kwamba mtu pekee Pweza aliyembwekea ni fundi wa mabomba, na hata huyo alimsindikiza mpaka getini akimlilia asiondoke.

Wazo la kupanda vilima vya Ngong, karibu na Nairobi, halikuwa langu. Wanawake wengine hupelekwa Diani. Mimi, ambaye Diani ni jirani na kwetu, nilipelekwa kutazama mitambo ya umeme wa upepo. Mume wangu alikuwa ameisubiri siku hiyo kama mtoto anavyosubiri Idi. Tangu kwenye matatu ya pili, ile ya kutoka Kiserian kwenda Ngong mjini, alikuwa ananifundisha: kwamba mitambo ya kwanza pale ilikuwa miwili tu, msaada wa serikali ya Ubelgiji, mwaka 1993, kwamba sasa uwezo wa pale wote ni megawati 25.5; kwamba ule mradi wa Turkana una 310 kwa hiyo huu wa Ngong ni mtoto, lakini ni mtoto wa kwanza. Nilikuwa naitikia "ehe" kila alipovuta pumzi. Pweza alikuwa ananusa sikio la abiria wa mbele.

Kutoka Ngong mjini tulipanda boda, mshikaki, mimi nyuma, mume wangu mbele yangu, mbwa amebanwa katikati yake na dereva. Dereva alipofika kwenye ule mwinuko mkali wa mwisho akageuka akasema, "Huyu wa tatu ashuke." Hakufafanua ni nani. Tukashuka wote, tukamalizia kwa miguu.

Getini tulilipa, tukapewa askari wa misitu wa kutusindikiza, mtu wa makamo mwenye bunduki na koti zito la jeshi, wakati mimi nilikuwa na kisweta chembamba cha kazini. Kwa miaka mingi watu waliporwa huku juu, kwa hiyo wengi hupanda kwa makundi au na askari. Akamtazama Pweza. "Hakikisha kamba haimtoki," akamwambia mume wangu. "Huko mbele kuna mbuzi." Akatangulia, hatua kumi mbele yetu, na hatukusikia tena sauti yake kwa saa kadhaa.

Upepo nilianza kuusikia kabla sijauhisi. Wakati wa masika ya maisha yangu, yaani utotoni, nililala nikisikiliza bahari, na nilipofungua mlango wa gari la mtu pale maegeshoni ili kumsaidia mama mmoja kutoa mtoto, nilisikia mvumo ule ule, mrefu, usiokatika. Mlango ukaninyang'anywa mkononi. Mtoto akacheka. Mama akamfunika kichwa, akamrudisha ndani, akafunga, na nadhani hawakupanda kabisa.

Niwaeleze jinsi ulivyokaa ule mgongo wa mlima, maana bila hivyo hamtaelewa shida ya Pweza. Vilima vya Ngong vimepangana kwa mstari kutoka kaskazini kwenda kusini, saba kwa hesabu ya wenyeji. Wamaasai wanasimulia kuhusu jitu lililojikwaa kwenye Kilimanjaro, likaanguka, na hivi ni vifundo vya mkono wake. Unatembea juu ya vifundo hivyo ukielekea kusini. Kushoto kwako ni uwanda wote wa Nairobi, majengo yake yakionekana madogo kama vijiti vya kibiriti vilivyosimamishwa. Kulia ardhi inakatika: Bonde la Ufa, rangi ya kahawia iliyopauka, na mlima Suswa umelala huko chini kama sufuria lililofunikwa. Tulikuwa Februari. Upepo unatoka upande wa kushoto, unakuja uwanda mzima bila kuzuiwa na kitu, unagonga ukuta huu, unabanwa, unarukia juu, na wewe ndiye uliyesimama pale unaporukia. Kila hatua unasukumwa kuelekea bondeni. Mtu mzima anajiegemeza kushoto kidogo, anatembea amepinda kama mnazi wa ufukweni. Mbwa wa kilo 14 hana hesabu hiyo.

Hata hivyo balaa la kwanza halikuwa upepo. Lilikuwa kivuli.

Ile mitambo iko kaskazini, pale pale mwanzo wa safari. Mapanga yake, sisi wa pwani tungeyaita mapangaboi, mengi yana duara la upana wa mita 52, na ukisimama chini yake unasikia kila moja likishuka: vuuu, vuuu, vuuu. Mume wangu alisimama mdomo wazi, mikono kiunoni, akiwa na furaha ambayo sikuiona hata siku ya nikahi. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya mitambo, kwa hiyo vivuli vya mapanga vilianguka juu ya njia yetu na kuifagia, kimoja baada ya kingine, kama mara moja kila sekunde. Mimi niliona kivuli. Pweza aliona kitu kirefu cheusi kinakuja mbio juu ya nyasi, kinampitia mgongoni, hakina harufu, kinaondoka, na kabla hajageuka kingine kimeshafika. Aliruka cha kwanza. Aliruka cha pili. Cha tatu akalala kifudifudi, akarudi nyuma kwa makalio, ukanda wa shingoni ukamtoka kichwani, huyo! Akaingia chini ya pikapu ya mafundi iliyoegeshwa pembeni.

Mume wangu akalala chini kwenye vumbi akimbembeleza kwa Kikamba. Askari wetu akasimama mbali, akitazama Nairobi kwa heshima. Nikatoa yai la kuchemsha kwenye kikapu, nikalimenya polepole, kila ganda likichukuliwa na upepo kabla halijafika chini, nikainama upande wa pili wa gari. Pua ilitoka kwanza. Kisha jicho moja. Nilipomkamata alikuwa anatetemeka mwili mzima, na moyo wake unapiga kwenye kiganja changu haraka kuliko yale mapanga. Nikambeba. Mimi, binti wa Gazi, nikampakata mbwa kifuani kama mtoto, nikavuka naye vivuli vyote vile mpaka upande wa pili, na alinilamba shingo yote. Sikusema kitu. Nilikuwa nimevaa nguo za Pweza.

"Picha hii naituma kwa baba yako," mume wangu akasema.

"Jaribu."

Vilima viwili vilivyofuata tulivimaliza kwa tabu. Pweza ana sikio moja la kusimama na moja la kulala, na lile la kulala, la kushoto, upepo ulikuwa unaligeuza nje-ndani kama mfuko wa suruali uliovutwa. Unaliona la waridi, nywele chache ndani, linapigapiga kichwa. Anatikisa, linarudi, hatua tatu, limegeuka tena. Akawa anatembea kichwa kimepinda, macho ameyafumba nusu. Kila tulipofika kwenye kilele cha kilima alikaa. Kumvuta haifai, ukanda ungetoka tena. Tukawa tunamsubiri aamue. Mume wangu akaanza kutazama saa, maana mtu huyu alikuwa na mpango: vilima saba, Lamwia kilele cha mwisho, mita 2,460, picha, kisha kushukia Kona Baridi kwenye barabara ya Magadi, nyumbani kabla ya alasiri.

Kwenye bonde dogo kati ya kilima cha tatu na cha nne tulikuta mbuzi, na kijana wa Kimaasai ameketi upande wa chini wa njia, shuka imemzunguka mpaka masikioni. Mbwa wake wawili, wembamba, wamejikunja chini ya kichaka, mgongo umeuelekea upepo, pua zimefichwa chini ya mkia. Walimtazama Pweza kwa jicho moja moja. Hawakuamka.

Tukasalimiana. Kijana akamkagua mbwa wetu kwa muda, kuanzia ukanda wa shingoni mpaka kucha.

"Anachunga nini huyu?"

Mume wangu akacheka. "Anamchunga mama huyu."

"Hachungi kitu," nikasema. "Anakula tu."

Kijana akatingisha kichwa, si kwa dharau, ni kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichohitaji. Kisha akauliza jambo ambalo hakuna hata mmoja wetu wawili, fundi wa umeme na mwalimu, alikuwa amelifikiria: "Mbona mmemweka upande wa upepo?"

Tukatazamana. Mume wangu hushika kamba kwa mkono wa kushoto, siku zote, kwa sababu mkono wa kulia ni wa simu. Kwa hiyo tangu getini Pweza alikuwa kushoto, yeye ndiye ukuta wetu, yeye ndiye anayepokea upepo wote kwanza.

"Upepo ukimjaa sikioni hasikii," kijana akasema. "Mbwa asiposikia anaogopa. Mhamishe, akae nyuma ya mguu wako."

Kuhamisha kamba kutoka mkono wa kushoto kwenda wa kulia kunachukua muda gani? Pweza akaingia kwenye kivuli cha upepo cha mume wangu, sikio likaanguka mahali pake, akajitikisa kuanzia kichwa hadi mkia, akaanza kutembea. Hivyo tu. Tulikuwa tumemburura mnyama saa mbili kwa kukosa akili ya kubadilisha mkono. Nilimpa yule kijana mahamri mawili pamoja na nusu ya njugu zetu, akazipokea kwa mikono miwili, na tulipogeuka nikaona la kwanza ameshalikata pande tatu, mbili za mbwa.

Tulipumzika kilima cha nne. Siri ya kukaa Ngong siku ya upepo ni kushuka kidogo upande wa Bonde la Ufa, hatua kumi na tano hivi chini ya mgongo. Kelele inakatika kama mtu amefunga dirisha. Juu ya kichwa upepo unaendelea na safari yake, wewe unamimina chai ya tangawizi bila kumwaga. Pale nyasi zinaachia leleshwa, lile jani la kijivu lenye harufu ya kafuri, na mbele yetu mwewe mmoja alikuwa amesimama hewani, kimo cha macho yetu, hapigi bawa, anarekebisha mkia tu, kushoto kidogo, kulia kidogo. Alikaa hivyo kikombe kizima cha chai.

Mtandao huko juu ni mzuri kuliko nyumbani kwetu Rongai. Nikampigia baba.

"Niko juu ya mlima, baba. Upepo unataka kututupa."

"Unatoka wapi?"

Ndilo swali lake. Mtu aliyevua samaki miaka arobaini hakuulizi upepo una nguvu kiasi gani. Nikamwambia unatoka mashariki, umepinda kidogo kaskazini. Akanyamaza akihesabu. "Hiyo kaskazi," akasema. "Kaskazi hiyo hiyo ya huku. Lakini kaskazi gani ya kuangusha mtu? Huku leo imelala, watu wako baharini." Ni kweli, kwetu kaskazi ni upepo wa neema, msimu wa bahari tulivu, wa kuogopwa ni kusi, ikivuma mitumbwi inalala ufukweni na sisi tunakula maharage. "Labda," akasema baada ya kufikiri, "imekasirika kwa kupandishwa mlima." Kisha, kabla ya kukata: "Na yule analinda?"

Nikamtazama Pweza. Alikuwa amelala chali, tumbo kwenye jua, ganda la yai limemganda puani.

"Leo analindwa, baba."

"Hmm," akasema. Sikupata tafsiri ya hiyo hmm mpaka leo.

Adhuhuri tulisali kwa zamu, mmoja anasali, mwingine ameshika kamba. Nilikuwa nimebeba vazi la sala na leso safi ndani ya mfuko wa plastiki, umefungwa mafundo mawili, na maji ya chupa nzima kwa ajili ya udhu na shingo yangu iliyolambwa. Hivyo vilivyo safi havikugusana na Pweza hata kwa unyoya mmoja. Nililaza leso na kuweka jiwe kila pembe. Kutoka Ngong kibla ni karibu kaskazini kabisa, kwa hiyo unatazama kaskazini na hiyo kaskazi ya baba inakuja kwenye shavu la kulia. Hata pale palipojificha ilipata upenyo. Nilipoinuka kutoka sijda ya mwisho pembe moja ya leso ilikuwa imeponyoka na kunifunika kichwa kizima, na nikatoa salamu nikiwa gizani.

Ugomvi ulikuja baada ya hapo. Mume wangu alitaka Lamwia. Vilima vitatu vilikuwa vimebaki, kimoja kikubwa kuliko vyote, na kamba mkono wa kulia au wa kushoto, Pweza alikuwa amechoka. Alikuwa analamba unyayo mmoja bila kuacha. Nikasema tunageuka. Akasema tumefika mbali. Nikasema nenda, uhesabu vilima vyako, mimi na mbwa tunarudi. Akafungua mdomo, na hapo ndipo askari wetu alipozungumza kwa mara ya kwanza tangu asubuhi: "Askari ni mmoja."

Yaani hatuwezi kugawanyika. Mume wangu akamtazama, akanitazama, akatazama Lamwia na mnara wake, akachukua kikapu. Kwa nusu saa hakunisemesha ila kwa neno moja moja. Nilimwacha. Mtu akinyimwa mita 2,460 lazima apewe muda.

Akalainika tulipofika kwa yule kijana, ambaye sasa alikuwa na mbuzi wake juu zaidi, akatupungia fimbo. Mume wangu akaniuliza kama najua Ngong ni neno gani. Alikuwa amelisoma mahali: Wamaasai waliita hapa *enkong'u e muny*, jicho la kifaru, na jicho hapo ni chemchemi. "Kama sisi tunavyosema jicho la maji," nikamwambia. "Ehe," akasema, kwa sauti ile ile niliyomwitikia mimi kwenye matatu. Hapo nikajua tumepatana.

Kitu nilichokiona kabla hatujafika kwenye mitambo ndicho kilichonifanya niandike haya yote. Tulikuwa tunarudi kaskazini sasa, kwa hiyo upepo umehamia kulia. Mume wangu bado ameshika kamba kwa mkono wa kulia, kwa utiifu, kama alivyoelekezwa. Na Pweza, bila kuambiwa, alipunguza mwendo, akapita nyuma ya visigino vyake, kamba ikamzunguka mtu mzima magotini, akatokea upande wa kushoto, akaendelea na safari. Mume wangu karibu aanguke. Kule kwenye vivuli, jua lilikuwa limeshavuka, vimeangukia upande mwingine. Hata hakuvitazama.

Konda wa jioni hakudai nauli ya tatu. Pweza alilala sakafuni.

Nyumbani nililoweka nguo zake, yaani zangu, kwenye beseni lao, maji yakawa mekundu kwa vumbi mara moja. Yeye alikuwa amejitupa mlangoni, usingizi wa mawe, na sikio lile la kushoto limegeuka tena nje-ndani, bila upepo wowote. Nikalirudisha kwa kidole. Kisha nikaenda kunawa mikono, mara moja tu. Sikio halina mate.